Anayeolewa Ana Kamati, Anayesafiri Ana Shangazi Kaja

Hebu tuulizane, vijana wenzangu wa Nyanda za Juu. Binti wa Mafiati akichumbiwa na kijana wa Uyole, mji ule ule wa Mbeya, nauli ya daladala tu, hutokea nini? Kamati! Anachaguliwa mwenyekiti, anachaguliwa mweka hazina, kadi za michango zinasambazwa mpaka kwa watu ambao hawajawahi kumwona bibi harusi. Vikao vinakaliwa miezi mitatu. Kuna sendofu, kuna kichen pati, na huko wanaitwa akina mama watu wazima wamfunde mwali: mume anapokelewaje, mama mkwe anasalimiwaje, ukikorofishwa unaanzia kwa nani, mshenga anapatikana wapi. Maana mwali anakwenda kwa watu, ati. Hawezi kwenda hivi hivi.

Sasa mchukueni binti mwingine, jirani wa huyo huyo. Amepata kazi za ndani Muscat. Naye anakwenda kwa watu, tena watu ambao hakuna hata mmoja wetu anayezijua sura zao. Lugha si yake, dini huenda si yake, sheria si zake, na bahari iko katikati. Kamati yake iko wapi? Hana. Usiku wa kuamkia safari baba anamwita sebuleni, anakohoa, anamwambia: "Mwanangu, ukajitunze. Ujue umetoka katika nyumba gani. Usituletee aibu." Shangazi anaongezea habari za wanaume. Mama analia. Alfajiri nguo zinasukumwa ndani ya lile begi la nailoni la mirabamiraba tunaloliita shangazi kaja, zipu inafungwa kwa kukandamizwa na goti, haya, safari njema!

Huo ndio mpango mzima wa safari. Hakuna kingine.

Mimi nasema huo si mpango, na zile si nasaha. Zichambueni zenyewe muone. "Ujitunze": dhidi ya nani, na kwa silaha gani? Hasemi mtu. "Ukifika utupigie": kwa simu ya nani, na ikinyang'anywa je? Hasemi mtu. "Usituletee aibu": katika neno hilo moja kila kitu kimefichuka. Anayehofiwa kuumia pale ni sisi. Binti anavuka bahari, na wazee wanalikatia bima jina la ukoo! Kila tunachomwambia ni cha kutulinda sie tunaobaki. Cha kumrudisha yeye salama hatujakitamka.

*Tulizoea zamani*

Msinijie na habari kwamba haya ni mambo mageni yaliyoletwa na ndege. Mabinti wa Iringa ni wasafiri wa siku nyingi. Ni nyumba ngapi za Dar es Salaam zilizolelewa na mikono yao? Mtu wa mjini akitaka msichana wa kazi, husema "niletee kutoka Iringa", kama mtu anayeagiza gunia la viazi. Na sie tukaleta. Binti ametoka Kilolo au Mufindi, amepandishwa basi, ameteremka Mlima Kitonga huku kichefuchefu kinamsumbua, amefika Ruaha Mbuyuni joto limeanza, sweta limevuliwa. Anayempokea hamjui. Ameambiwa tu kwamba "mama fulani atakuja stendi, atakutambua kwa gauni". Mshahara wamepatana watu wazima kwa simu, yeye hakuwapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Ni wangapi kati ya mabinti wale waliowahi kuishika karatasi hiyo? Na sie tuliowasindikiza stendi, ni wangapi tuliwahi kuiulizia?

Pale ndipo tulipojifunza ubaya wetu. Tulizoea kumpeleka binti bila karatasi kwa sababu Dar ni nyumbani, na mambo yakiharibika atapanda basi arudi. Sasa desturi ile ile tumeivusha bahari. Lakini basi la kutoka Muscat kuja Mafinga, wapendwa, halipo.

Nitawaambia jambo la kuchoma zaidi. Waulizeni wazee habari za manamba. Miaka ya 1940 na 1950 wanaume wa Njombe waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume wa Rungwe walikwenda kwenye machimbo ya Afrika Kusini kwa mkono wa WENELA, mpaka serikali ya Tanganyika ilipoikatisha biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa dhuluma, sina haja ya kuipamba: mtu aligeuzwa namba, ndiyo maana ya hilo neno manamba. Lakini hata huyo manamba, chini ya mkoloni, alikuwa na mkataba ulioshuhudiwa mbele ya ofisa wa serikali. Muda wa kazi ulitajwa, na kurudishwa kwao kulikuwa ndani ya mkataba. Sisi tuliojitawala tangu 1961 tunampeleka dada yetu akiwa na haki pungufu ya manamba. Hamuoni haya?

Tena angalieni tulivyo wanafiki. Yule mwanaume wa WENELA aliporudi na koti na baiskeli, aliimbiwa. Alikuwa dume lililoona dunia. Msichana akirudi kutoka Dubai na simu nzuri, watu wanaulizana kwa pembeni ameipataje.

*Yanayojulikana*

Asije mtu akasema hatukujua. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliowahi kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Walieleza kufanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi, wengine mpaka saa 21 kwa siku, bila siku ya kupumzika. Mishahara pungufu ya ile waliyoahidiwa, au kukosa kabisa. Kupigwa, kutukanwa, kushikwashikwa na wanaume wa nyumba.

Kuna utaratibu kule unaoitwa kafala. Kwa lugha ya kwetu ni hivi: mwajiri ndiye mdhamini wako wa kuwamo nchini. Ukiondoka kwake bila ridhaa yake unahesabika umetoroka, na aliyekutesa ndiye anayekwenda kukushitaki wewe. Sasa niambieni, binti aliyefundwa "vumilia, usituaibishe" atafanya nini ndani ya nyumba ya namna hiyo? Atavumilia! Tumempa silaha ya kumuua mwenyewe. Nasaha yetu na kafala zinafanya kazi ya mkono mmoja.

Hapo ndipo wanapoinuka mabwana wa kupiga marufuku. "Basi wasiende! Msichana akae kwao." Akae kwao afanye nini, bwana? Avune chai ya mwenye shamba Mufindi? Abebe matenga ya nyanya ya watu pale Ilula? Mnaosema hivyo ndio mliouza mahindi mkampeleka kaka yake shule, yeye mkamwambia asubiri. Na marufuku haifungi safari, inafunga mlango wa mbele tu. Mlango wa nyuma anao kila dalali: atampitisha nchi jirani, atamwambia aseme anakwenda kumtembelea ndugu, na pale ambapo angekuwa na mkataba anabaki na uongo mdomoni. Sie watu wa mpakani tunalijua hilo. Nani asiyejua Tunduma palivyo? Nani asiyeijua njia ya Kasumulu? Atakayekwenda atakwenda. La kuuliza ni ataondoka na nini.

*Mgeni wa Isimila*

Wengine watacheka. Watasema mambo ya kupanga safari na kuchagua begi ni ya Wazungu. Haya, tumtazame huyo Mzungu. Msichana wa miaka ishirini anatoka Ulaya, anateremka Iringa peke yake, anakwenda kuona nguzo za udongo pale Isimila, anakwenda Ruaha kuona tembo, kesho kutwa yuko Matema anaogelea ziwani. Tunamwita jasiri. Hakuna anayemwita malaya. Lakini mnadhani ujasiri ule kazaliwa nao? Begi lake linabebeka mgongoni, mikono yote miwili iko huru. Nakala ya pasipoti anayo mfukoni, nyingine kaiacha kwao. Ana bima ya kumtibu na kumsafirisha. Namba ya ubalozi wake anayo. Mama yake anajua leo analala wapi na kesho anahamia wapi. Na nauli ya kurudi imeshalipwa kabla hajaondoka! Huyo anakuja kutembea tu, mwezi mmoja. Wetu anakwenda kufanya kazi miaka miwili, na kila alichonacho mwenzake yeye hana. Halafu likitokea la kutokea tunasema "ni bahati yake".

Bahati! Tunaita bahati kila kitu ambacho tulikuwa wavivu kukipanga.

*Afundwe nini basi?*

Nitasema, maana asiyesema la kufanya ni mlalamishi tu.

Afundwe karatasi kwanza. Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa karatasi zote, na hapa kwetu wengi hawana. Ule mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, ni jambo jema, lakini aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule haukumgusa, na ndiye huyo sasa anayetafuta pasipoti. Hivyo cheti kianze kutafutwa mapema, na siyo wiki ambayo dalali anapiga simu kusema "tuma haraka, nafasi zinaisha". Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Mtasema nyingi. Keki ya harusi ni bei gani? Pasipoti inadumu miaka kumi, keki haifiki asubuhi.

Pasipoti achukue mwenyewe, kwa jina lake la kweli na umri wake wa kweli. Wakala akisema "ngoja tukuongezee miaka", binti akimbie, maana siku akipata shida atakuwa hana hata ushahidi kwamba yeye ni yeye.

Mkataba ausome kabla hajapanda chochote. Kama umeandikwa Kiarabu au Kiingereza, atafutwe wa kuusoma. Walimu tunao, wanafunzi wa vyuo wamejaa Iringa na Mbeya. Auone mshahara kwa tarakimu, siku ya kupumzika, jina la mwajiri, mji, na nani analipa nauli ya kurudi. Wakala aonyeshe leseni, sheria inamtaka awe nayo. Akipewa viza ya matembezi huku anaambiwa anakwenda kazini, hapo pana jambo, asiondoke. Kila karatasi itolewe nakala tatu: moja begini, moja mwilini, moja ibaki nyumbani kwa mtu anayejua kusoma na asiyehama hama.

Afundwe namba. Simu inanyang'anywa, kichwa hakinyang'anywi. Azishike kwa moyo, kama tulivyoshika jedwali la kuzidisha: ya dada yake, ya ubalozi wa Tanzania ulioko Muscat au Abu Dhabi, na ya polisi. Oman polisi ni 9999. Falme za Kiarabu ni 999. Anayekwenda Afrika Kusini, 10111. Ni dakika ngapi kujifunza? Tumemfundisha nyimbo za kwaya beti sita, hatushindwi namba tatu.

Afundwe maneno. Watamdanganya kwamba Oman wote wanaongea Kiswahili. Kweli, wapo wenye asili ya Zanzibar wanaokiongea vizuri kuliko sisi, ila nyumba atakayoangukia haijulikani. Basi awe na machache ya Kiarabu: pasipoti ni jawazi, mkataba ni akdi, ubalozi ni sifara. Mtu anayejua kusema "sifara" barabarani anaweza kuelekezwa. Na ajue haki. Kwenye Falme za Kiarabu sheria ya wafanyakazi wa ndani ya mwaka 2022 inampa siku moja ya kupumzika kwa wiki, na inataka hati zake za utambulisho akae nazo mwenyewe. Mwajiri anaweza kuivunja sheria, sikatai. Lakini unadai vipi haki ambayo hujawahi kusikia jina lake?

Afundwe na mtu mmoja wa nyumbani, dada au rafiki, lugha ya siri. Mara nyingi atapiga simu mwajiri amesimama pembeni. Muscat mwezi wa sita joto linapita nyuzi 40. Binti akisema "huku kuna baridi kama ya Makambako", mwenzake ajue mambo yameharibika na aanze kuhangaika siku ile ile. Hilo halina gharama hata senti moja.

Begi nalo. Shangazi kaja ni mzuri kwa kupeleka nguo sokoni Mwanjelwa, ila kwa safari ya ndege hafai: zipu yake haina kufuli, anachanika, kila mtu anaweza kuingiza mkono akatia au akatoa. Pale pale Mwanjelwa kwenye mitumba anapata begi imara dogo la mgongoni. Dogo, jamani! Mablanketi yetu ya baridi ayaache. Avae nguo pana nyepesi za kufunika mwili, na sweta moja, kwa kuwa ndani ya ndege na ndani ya nyumba zile kunapulizwa baridi ya mashine. Vitambaa vyake vya mwezi vya kutosha mwanzo. Dawa anazotumia zikae kwenye paketi zake pamoja na karatasi ya daktari; zipo dawa za maumivu ambazo kwetu zinauzwa duka la dawa, na huko zinampeleka mtu gerezani. Na asibebe mzigo wa mtu yeyote, hata awe mchumba, hata awe mchungaji! Mwaka 2013 barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa dawa za kulevya zilisomwa nchi nzima. Tulisikitika wiki mbili, tukasahau.

Mwisho afundwe hela, na hapa nitawakera wengi. Bibi zetu walikuwa na benki kwenye pindo la kitenge. Mume hakuijua, na mtoto akiugua usiku nauli ilitoka pale. Binti naye awe na pindo lake: noti chache za dola ameshona ndani ya nguo, na nauli ya kurudi imewekwa kwa mtu asiyeweza kuila. Na mshahara uingie akaunti yenye jina lake. Si ya baba. Si ya kaka. Tunawajua waliorudi wakakuta bati limeezekwa, kaka amenunua bodaboda, shamba limeandikwa jina la mjomba, na wao hawana hata kitanda cha kulalia. Tunaogopa mwajiri atamnyonya. Je, na sie?

*Kamati, basi*

Atakayesema maskini hana uwezo wa yote haya, nimwulize: kati ya niliyoyataja, ghali ni lipi? Ukiondoa pasipoti na akiba ya nauli, mengine ni nakala za mashine, kushika namba, kusoma karatasi mbili na kuchagua begi. Na kwa hayo mawili ya ghali, si tunajua kuchangishana? Kadi za harusi tunazichapa kila Jumamosi! Makanisa yetu hayana uhaba wa vikundi; Wamoravian wa Rungwe, Walutheri wa Iringa, Wakatoliki wa Tosamaganga, wote wana umoja wa akina mama unaojua kuketi na kufunda. Wamfunde na huyu. Ofisi ya kijiji inayomgongea mhuri barua yake ibaki na nakala ya mkataba kwenye jalada. Wanawake wa biashara waliokwisha kwenda Lusaka, Dubai na Guangzhou wakarudi, ndio makungwi wa safari. Waitwe waseme walikolala na walikoibiwa, badala ya kuwasengenya.

Na nyie mnaosoma gazeti hili, mnaojiita wasomi na waandishi, mnaoandika mashairi ya kumlilia mwanamke wa Kiafrika: mkataba wa dada wa jirani mmeusoma? Unaandika beti kumi kuhusu machozi, na Kiingereza cha kumsomea kurasa mbili unacho, ila hajakuomba kwa kuwa anaona haya, na wewe hujajitolea kwa kuwa hakuna sherehe.

Kuna msichana anaondoka mwezi huu. Mtaa wenu yupo, kijiji chenu yupo. Baba yake akimwita sebuleni na kukohoa, ingieni. Salimieni kwa adabu, "Shikamoo mzee", mkae. Akimaliza habari za aibu, mwulizeni neno moja tu: nakala ya mkataba wake mzee umeiweka wapi? Akinyamaza, basi safari ile haijapangwa, na basi la alfajiri liondoke bila yeye mpaka ipangwe.